Mahali pa Kuchimba Bwawa la Mwanaidi

Tarehe kumi na nne Machi mwaka huu, siku ya Jumamosi, kabla ya adhuhuri, nilimpoteza mke wangu Mwanaidi. Tulimzika alasiri ileile hapa Soga. Ilipofika arobaini, baada ya khitma, wanangu walikaa nami barazani. Binti yangu mkubwa, Zena, akasema, "Baba, umewachimbia watu mabwawa Kibaha yote na Kisarawe. Mama ameondoka hana hata moja. Tulichimbe sasa, liwe lake."

Nikakubali. Kesho yake nikapiga vigingi vinne nyuma ya nyumba na kuvizungushia kamba. Kisha sikuchimba. Wiki tatu vigingi vilisimama pale, kuku wakapita katikati yake, na kila mwanangu aliyepiga simu nikamwambia ardhi bado ina maji mengi ya masika. Haikuwa kweli. Kulikuwa na jambo moja kuhusu uwanja wa nyuma ambalo sikulijua, na nilipaswa kulijua kabla ya jembe la kwanza kuingia.

Siwezi kulieleza jambo hilo bila kueleza kazi yangu, kwa sababu limetoka ndani ya kazi yenyewe. Mimi ni Athumani, nimeishia darasa la saba. Uhandisi sikusoma. Kwa miaka yangu yote ya nguvu kazi yangu ilikuwa kuchagua mahali pa bwawa na kulichimba, na naweza kusema bila haya kwamba kazi hiyo niliijua.

Niliianza nikiwa kijana, katika kituo cha samaki upande wa mto Ruvu, si mbali na Mlandizi. Walitaka vibarua wa kuchimba mabwawa ya perege. Nilifika asubuhi na jembe jipya begani, mpini nimeupaka mafuta. Mkubwa wa kituo alikuwa afisa wa samaki wa wilaya, ambaye wote tulimwita Bwana Samaki. Alikuwa mfupi, kaptura yake ya kaki imepigwa pasi hadi inakata, na miguuni hakuwa na kiatu.

"Umekuja na nini hicho?" akaniuliza.

"Jembe, bwana."

"Liweke kivulini lipumzike. Leo itachimba miguu. Vua viatu."

Nilidhani ananitania mbele ya wenzangu. Hakuwa anatania. Siku nzima tulitembea pekupeku juu ya kiwanja kile, juu na chini, kulia na kushoto, hakuna aliyegusa jembe. Jioni akatupanga mstari na kumwuliza kila mmoja: wapi pana ubaridi? Wenzangu wakasema kila mahali pana moto. Mimi nikaonyesha pembe moja yenye nyasi ndefu.

"Na ulipochoka mbona hukuenda kukaa hapo?"

"Niliona haya, bwana."

Akacheka hadi akashika kiuno. "Huyu anaona haya kukaa, lakini nyayo zake hazina haya. Kesho aje." Siku ile wanne walirudishwa makwao. Mimi nilibaki, na nilibaki miaka kumi na moja.

Bwana Samaki alinifundisha udongo. Unachota konzi moja kutoka kina cha goti, unaulowesha kidogo, unaufinyanga kuwa donge kama chungwa. Unalirusha juu na kulidaka. Likipasuka mkononi, huo ni mchanga, hautashika maji hata ukiomba dua. Likibaki donge, mrushie mwenzako umbali wa hatua tano. Akilidaka zima, huo ni udongo wa mfinyanzi, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Hayajaisha, yanaanza tu. Baada ya donge tulichimba shimo la kufika kiunoni na kulijaza maji asubuhi. Udongo mkavu hunywa, kwa hiyo jioni unakuta maji yameshuka. Unalijaza tena hadi ukingoni, unalifunika kwa makuti na kuondoka. Kazi hiyo tuliiita kulaza maji. Ukirudi asubuhi ukakuta mengi yamelala palepale, chimba. Ukikuta shimo tupu, usimlaumu mtu.

Alinifundisha pia mpira wa levo. Ni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, unatiwa maji, mtu mmoja anashika ncha hii na mwingine ncha ile hata kama mmetenganishwa na mti au ukuta. Maji katika ncha zote mbili hukaa kimo kimoja, nawe unatia alama kwenye kigingi. Kwa mpira ule tulijua ukingo upi wa bwawa uko chini kabla hata ya kuchimba. Bwana Samaki alipenda kusema, "Maji hayana cheo. Hapa bwana mkubwa hapandi na kibarua hashuki." Alikuwa anashika ncha moja mwenyewe, na kibarua mgeni kuliko wote anamshikisha ncha ya pili.

Kituo kilipopunguza watu, nilikwenda Kibaha mjini, Maili Moja, kwa mama mmoja mkandarasi wa bustani. Tulimwita Mama Mkandarasi. Alikuwa na pikapu ya bluu, na sauti ambayo ungeisikia ukiwa upande wa pili wa barabara kuu. Watu walikuwa wameanza kujenga nyumba kubwa Kibaha, na walitaka mabwawa nyumbani, si ya kuvua bali ya kutazama: samaki wachache, mayungiyungi, jiwe la kukalia. Nilifika kwake nikijiona mwalimu. Siku ya pili tu akanishusha.

Tulikuwa kwa mzee mmoja mstaafu aliyetaka bwawa lake liwe mbele kabisa, karibu na geti. Nikamwambia Mama Mkandarasi kwamba nimetembea, nimerusha donge, na pale panafaa.

"Panafaa kwa nani?" akaniuliza. "Mjukuu akitumbukia, geti litamwona?"

Nikageuka kulitazama geti.

"Bwawa la nyumbani linawekwa mahali ambapo mtu wa jikoni akiinua macho analiona. Mwenye nyumba anataka majirani waone. Akajenge mnara."

Kuanzia hapo kila nilipopanga bwawa, nilikwenda kwanza kusimama dirishani pa jiko, nikitazama nje. Alinifundisha pia kidato, yaani ngazi pana ndani ya bwawa, kina cha shibiri moja na nusu tu, inayozunguka ukingo wote. Mimea inakaa juu yake, na mtoto akiteleza anakutana nacho kabla ya kukutana na kina. Alinifundisha kwamba bwawa lisikae chini ya choo wala chini ya shimo la maji taka, kwa sababu kilicho juu hushuka, upende usipende. Na kwamba maji ya mvua ya paa na ya barabara yasiingie bwawani moja kwa moja. Yapitishwe pembeni kwenye mfereji, la sivyo masika moja tu inakujazia tope na kukubebea samaki hadi kwa jirani.

Yule mzee wa geti alipokubali kuhama, akahamia kwenye wazo baya zaidi: chini ya mwembe, ili akae kivulini na kutazama samaki. Mama Mkandarasi hakubishana. Aliniambia nilete mabeseni mawili ya maji, moja niliweke chini ya mwembe na moja mahali penye jua la nusu siku. "Mzee wangu," akamwambia, "haya ni mabwawa yako mawili. Tukutane wiki ijayo." Wiki iliyofuata beseni la mwembeni lilikuwa jeusi kwa majani, linanuka, na viluwiluwi vya mbu vinacheza ngoma ndani. Lile la pili lilikuwa safi.

Mzee akalitazama, akasema, "Kumbe ningefuga mbu."

"Na majani, mzee wangu. Majani na mbu."

Bwawa la mzee yule lipo hadi leo. Nilipita pale mwaka jana. Yeye ametangulia, wajukuu zake ndio wanaolisha samaki. Nilisimama nje ya ukuta nikatazama kupitia geti, wala sikubisha hodi. Ilinitosha.

Mama Mkandarasi alipofunga kazi kwa sababu ya afya, nilijitegemea. Watu wakaniita Fundi Mabwawa, kuanzia Mlandizi hadi Kisarawe. Nilikuwa na daftari dogo, na kila nyumba niliuliza maswali yaleyale matano: jua linapita wapi, mvua inapita wapi, choo kiko wapi, jiko linatazama wapi, makaburi yako wapi. Swali la mwisho niliongeza baada ya kuanza kazi Kisarawe, kwa sababu kule watu wengi huzika katika mashamba yao wenyewe. Niliwauliza wenye nyumba, na kwa hakika zaidi nilimwuliza mjumbe wa nyumba kumi. Wote walikuwa wanaume. Sikuona tatizo.

Sasa nieleze Kibuta, maana huko nilikosea, na kosa lenyewe ni la aina ambayo haimo katika kitabu cha mhandisi yeyote.

Kijana mmoja anayefanya kazi mjini alitaka kumchimbia mama yake bwawa kule kijijini kwao Kibuta. Mama huyo aliitwa Bi Pili, alikuwa mjane, mtu mzima sana. "Usimsumbue mama kwa maswali, fundi," kijana akaniambia. "Nataka aone tu limekwisha." Nikamwuliza yeye makaburi yako wapi. Akanionyesha kule juu kwenye mikorosho, yote yamesimamishiwa mashahidi, yaani vile vibao vya kichwani na miguuni. Mjumbe naye akaonyesha kulekule. Nikaandika kwenye daftari: makaburi, juu, mbali.

Nikavua viatu nikatembea. Nyuma ya nyumba, pembeni mwa migomba, nyayo zangu zikakuta ubaridi ambao sijapata kuukuta kwenye kiwanja cha mtu. Donge likarushwa hatua kumi likadakwa zima. Maji yalilala usiku kucha na kushuka unene wa kidole tu. Jua nusu siku, choo upande wa chini, jiko linatazama palepale. Nikamwambia kijana wa watu, mahali kama hapa fundi hupata mara moja. Nikapiga vigingi.

Siku ya pili ya kuchimba, Bi Pili akatoka na kigoda chake, akakiweka ukingoni, akakaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Poleni na kazi. Mnachimba nini?"

"Bwawa, mama. Mwanao amekuletea."

"Ahsante yake. Na kwa upande huo mtafika wapi?"

Nikamwonyesha kwa mkono hadi kwenye mgomba wa tatu. Akakunja kanga yake magotini, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza chumvi iko wapi:

"Hapo kwenye migomba, baba, nina wawili."

"Wawili nini, mama?"

"Wanangu. Hawakulia."

Vibarua wangu wakasimamisha majembe wenyewe, sikuwaambia.

Wengi wenu vijana hamjui, kwa hiyo nieleze. Zamani kwetu mtoto aliyezaliwa amekwisha kufa hakupelekwa makaburini na jeneza na watu. Wanawake waliokuwepo, mkunga na ndugu wa mzazi, walimviringisha kitambaa na kumzika nyuma ya nyumba, mahali penye ubaridi, mara nyingi penye migomba. Hakuna shahidi, hakuna jiwe. Wanaume hawakuambiwa mahali, wala hawakuuliza. Ndiyo sababu mahali panaponifaa mimi kwa bwawa, yaani penye ubaridi, udongo mzito na karibu na jiko, ni mahali hasa ambapo mama wa zamani angemlaza mtoto wake. Nilikuwa nimefanya kazi ile miaka mingi, nikijisifu kwa nyayo zangu, na jambo hilo halikunipitia kichwani.

Kijana alikuja jioni. "Mama, mbona hukuniambia?"

"Umeniuliza lini?" Bi Pili akasema. "Hata marehemu baba yako alikufa hajui. Wewe ndiye uliyewafuata, na mkunga alisema huyu naye tusimtegemee. Umekuwa mrefu hivi unanichimbia bwawa."

Tulikuwa bado hatua mbili kufika. Ningeweza kusema udongo umenigeukia, nikahamisha vigingi na jina langu likabaki safi. Hapana. Nilimwambia kijana mbele ya vibarua na mbele ya mjumbe: "Kosa ni langu. Niliuliza makaburi kwa wanaume." Mjumbe akatazama chini. Tulirudisha udongo wote kwa mikono na makarai, tukaushindilia taratibu, tukapanda upya machipukizi tuliyokuwa tumeyang'oa. Bwawa tukalihamishia upande wa mashariki, ambako udongo ulikuwa wa mchanga, na ilibidi kubeba mfinyanzi kutoka bondeni na kuukanyaga kwa miguu tabaka kwa tabaka, wiki tatu nzima. Halikuvuja. Bi Pili alikuwa analisha samaki ukoko wa wali, ingawa nilimkataza.

Tangu siku ile, katika kila nyumba niliyoingia, mtu wa kwanza niliyezungumza naye alikuwa mwanamke mkubwa wa nyumba, peke yake, wanaume wakiwa mbali. Simwulizi kwa maneno makavu. Namwuliza, "Mama, kuna mahali katika uwanja huu ambapo wewe usingependa pachimbwe?" Wengine hucheka na kusema chimba popote. Wengine hunyamaza kwanza. Mafundi wenzangu wa Kibaha walinitania: "Athumani siku hizi anaomba kibali jikoni." Niliwajibu, "Ndiyo. Ramani ya nyumba iko jikoni." Sikupiga tena kigingi kwa mtu bila kuuliza swali lile, na katika kazi yangu yote hakuna jambo ninalojivunia zaidi ya hilo, wala bwawa lolote.

Lakini nimesema nitaeleza ukweli, na ukweli wenyewe uko hapa nyumbani.

Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, nikiwa bado kibarua kwa Bwana Samaki, Mwanaidi alijifungua mtoto aliyekwisha kufa. Nilikuwa kazini. Niliporudi jioni, mama mkwe alinipokea mlangoni. "Yamekwisha, baba," akasema. "Mpe mkono wa pole, lakini usimwulize." Nikampa mkono wa pole. Sikumwuliza. Ilikuwa heshima, na mimi nililelewa katika heshima.

Miaka ikapita, watoto wengine wakaja wakakua. Nyumba ya udongo na makuti tukaibomoa, tukajenga ya matofali, tukaisogeza karibu na njia. Jiko likahama, migomba ya zamani ikafa. Mwanaidi alikuwa ananitania mbele ya wageni: "Huyu ndiye Fundi Mabwawa. Nyumbani kwake hata beseni limetoboka." Nami kila nilipotaka kumchimbia, nilimwonyesha uwanja wa nyuma, maana ndiko kwenye mfinyanzi.

"Nyuma hapana," alikuwa anasema. "Weka mbele."

"Mbele ni mchanga mtupu, Mwanaidi, na shimo la maji taka liko pale."

"Basi tukae bila."

"Hivi wewe bwawa unalitaka au hulitaki?"

"Nalitaka. Nyuma hapana."

Nilidhani anabisha tu. Nikajiambia, mimi ndiye fundi, hakuna anayenifundisha mahali pa bwawa. Kama hataki nyuma, basi. Na kweli tukakaa bila.

Niliporudi kutoka Kibuta nilimkuta uani anapukuchua kunde. Nikamsimulia habari za Bi Pili, mwanzo hadi mwisho. Mikono yake ikasimama.

"Ukamjibu nini yule mama?"

"Nilimwomba radhi."

"Vizuri," akasema, akaendelea na kunde zake.

Nilielewa palepale. Angeelewa hata asiye fundi. Swali lilikuwa mdomoni mwangu, lile lile ambalo kesho yake nilianza kuwauliza wake na mama za watu wengine. Kwake sikuliuliza. Nilijiambia namhifadhi asiumie. Sivyo. Niliogopa angenijibu kwamba nimechelewa. Nikanyamaza siku ile, na mwezi ule, na miaka yote iliyofuata, huku nikisifiwa Kisarawe nzima kama fundi anayejua kuuliza.

Nilistaafu goti liliponikatalia kushuka shimoni. Vijana wa leo wana nailoni nzito, wanaitandika hata juu ya mchanga, siku mbili bwawa limekwisha. Siwalaumu. Ningeipata wakati wangu ningeitumia. Ila nailoni inazuia maji kutoka, haikuambii mahali pa kuchimba. Bado utatembea, bado utasimama dirishani pa jiko. Vijana watatu niliowafunza wanafanya hivyo, nimewaona.

Basi vigingi vikakaa wiki tatu. Mtu mmoja tu aliyebaki hai kati ya waliokuwepo siku ile Mwanaidi alipojifungua ni Bi Chausiku, mdogo wake Mwanaidi, anayeishi Kisarawe. Mwezi uliopita nikapanda gari nikamfuata. Alikuwa anaanika mihogo. Nikamsalimu, nikakaa, nikashindwa kuanza.

"Shemeji," akasema, "umetoka Soga kuja kutazama mihogo?"

"Nataka kujua mlimzika wapi."

Hakuniuliza nani. Aliendelea kupanga mihogo hadi ungo ukajaa.

"Mwanaidi alikuwa anasema utauliza. Mwanzoni alisema utauliza kabla ya arobaini yake ya uzazi kwisha. Baadaye akasema ukizeeka. Baadaye hakusema tena." Akajifuta mikono. "Kesho njoo na bodaboda isiyokimbia. Mgongo wangu si wa kijana."

Alipofika hapa alivua viatu mwenyewe akazunguka uwanja wa nyuma. Treni ya umeme ikapita kule relini, akangoja itulie. Akatikisa kichwa. "Mmebadilisha kila kitu. Nilipajua kwa mlango wa uani na kona ya nyumba. Nyumba yenyewe iko wapi?"

Hapo kazi yangu ikanisaidia. Nyumba ile niliijenga mwenyewe. Nikachukua sururu nikagonga taratibu ardhini, nikisikiliza, hadi chuma kikakuta jiwe la msingi. Nikalifuata jiwe kwa jiwe, Zena, aliyekuwa amekuja kunitembelea, akiondoa udongo kwa mikono, hadi tukaipata kona ya nyuma. Nikaweka kigingi. Nikahesabu kutoka hapo, nikaweka cha pili mahali mlango ulipokuwa.

Bi Chausiku akasimama mlangoni pasipokuwa na mlango. Akatembea kufuata ukuta usiokuwepo hadi kona. Akageuka, akahesabu hatua saba, fupi fupi, kisha akarudi nyuma moja. "Nilikuwa msichana," akasema. "Hatua zangu zilikuwa ndogo." Akasimama karibu na banda la kuku, upande wa kulia kabisa wa uwanja. "Hapa. Alikuwa wa kike. Mwanaidi alimshika kwanza, ndipo akatukabidhi."

Zena alikuwa hajui lolote. Alikaa chini palepale.

Vigingi vyangu vya bwawa vilikuwa upande wa kushoto, kule chini. Nikachukua futi ya kupimia nikapima kutoka miguuni pa Bi Chausiku hadi kigingi cha karibu zaidi. Mita kumi na tisa. Sikuamini, nikapima tena. Mita kumi na tisa. Kwa sheria yangu mwenyewe ya kazi umbali huo ulitosha kabisa, na bwawa lingechimbwa palepale nilipomwonyesha Mwanaidi mara zote zile. Palikuwa salama tangu mwanzo. Ilihitaji swali moja tu, naye angesema "hapa hapana, pale sawa," na angelisha samaki wake miaka yote hii.

Nikamwambia hivyo Bi Chausiku. Sikumficha.

"Najua," akasema. "Hata yeye alijua hukuwa unapataka pale alipolala mtoto. Hakuwa anakukatalia mahali, shemeji. Alikuwa anangoja umwulize."

Nikaikunja futi. Tulipanga mawe sita pale alipoonyesha, bila saruji, kwa sababu alisema isiwekwe. Banda la kuku tukalihamisha jioni ileile. Asubuhi iliyofuata, baada ya chai, nikaingia ndani ya kamba nikapiga jembe la kwanza mwenyewe, goti likilia, kisha nikampa Zena. Tulichimba siku tisa. Kidato kimezunguka ukingo wote, mfereji wa mvua unapita pembeni, na dirisha la jiko linatazama maji moja kwa moja. Ni bwawa lililokaa vizuri kuliko yote niliyopata kupanga.

Juzi tulilijaza. Bi Chausiku alikuwa bado hapa. Akatoka na kikombe chake cha chai, akatazama maji, kisha akaenda kukaa kando ya yale mawe sita, akanywa chai yote hukohuko, uso ameuelekeza kwenye mawe na mgongo kwetu.